Sandali katika Povu la Sabuni

Kunyoa ndevu ni kazi ndogo ambayo mwanamume huifanya maelfu ya mara katika maisha yake bila ya kuifikiria hata mara moja. Kwa hiyo nilipowaambia rafiki zangu hapa Mbinga kuwa nataka kuandika insha juu ya harufu ya sandali katika sabuni za kunyolea, mmoja wao alicheka mpaka akamwaga kahawa yake. Alisema ya kwamba mtu aliyefundisha shule kwa miaka 34 alistahili kuandika juu ya elimu, ama juu ya kilimo cha ngolo kilichowapatia Wamatengo sifa, ama juu ya bei ya kahawa, ambayo katika milima yetu ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Nilimjibu kuwa kahawa na ngolo vina wasemaji wengi, lakini povu la sabuni halina hata mmoja. Jibu lile lilikuwa la mzaha. Jibu la kweli nalitoa hapa.

Nina mjomba, ndugu wa mama yangu, akaaye ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mwendo mfupi kutoka Liuli. Umri wake ni miaka 86, na macho yake yalizimika miaka tisa iliyopita. Alikuwa kinyozi. Chini ya mwembe ulio karibu na maji alinyoa vizazi viwili vya wavuvi, walimu, makarani na mapadri, na wengi katika hao amewazika. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Alipokuwa na macho methali hii ilikuwa utani kwake. Alipopofuka ikawa habari. Tangu wakati huo mimi ndiye nimnyoaye. Kila mwezi nashuka kutoka katika baridi ya Mbinga, njia ya zaidi ya kilomita 60 mpaka Mbamba Bay, kisha nafuata pwani ya ziwa mpaka kwake. Huniita mwanafunzi wake, ingawa nina mvi, na nikikosea pembe ya wembe hunionya kwa kuguna tu.

Mtu aliyepoteza macho huzitumia zaidi hisia zilizobaki. Mjomba hujua kwa pua kama usipa walioanikwa wamekauka au bado wana maji ndani. Huijua mvua ingali upande wa pili wa ziwa. Akiingia mjukuu, humtaja jina kabla ya salamu. Lugha yetu imetutangulia katika jambo hili, maana sisi hatuishii kunusa harufu, bali husema kuwa twaisikia, kana kwamba harufu ni sauti inayotuita kutoka mbali. Mjomba huisikia dunia yake nzima kwa njia hiyo. Kwa sababu hii, msomaji atafahamu hofu yangu katika mambo yatakayofuata.

Mwaka 1958, akiwa kijana wa miaka 19, Mjomba aliandikwa kuwa manamba akapelekwa Tanga kukata katani. Vijana wengi wa Nyasa na wa Songea walikwenda huko siku zile, kwa kuwa katani ndiyo iliyokuwa bidhaa kubwa ya Tanganyika katika masoko ya ng'ambo, na nchi yetu ya kusini ilikuwa na watu wengi kuliko kazi za mshahara. Mkono wake wa kulia ulichomwa na mwiba wa jani la mkonge ukavimba, akawa hawezi kushika panga. Katika kuhangaika mjini alipata kazi ya kufagia katika duka la kinyozi mmoja Mhindi. Alifagia nywele mwaka mzima. Mwaka wa pili alipewa brashi atengeneze povu. Wa tatu alipewa wembe. Alirudi nyumbani baada ya Uhuru, na mali aliyorudi nayo ni ufundi, wembe mmoja, brashi moja na jiwe la shabu.

Jambo moja hakuweza kurudi nalo, nalo ni sabuni ya duka lile. Ilikuwa laini, yenye harufu ya sandali, na yule bwana aliwapaka wateja wa siku ya Ijumaa na wa siku za harusi tu. Katika miaka yote ya mwembe wake Mjomba alinyoa kwa sabuni ya mche, wala hakulalamika. Lakini mwaka jana, nilipokuwa nikimfuta uso, aliniambia, “Mpwa wangu, wewe una rafiki wengi huko duniani. Kabla sijaenda, nataka niisikie tena sandali ya Tanga shavuni mwangu.” Hajapata kuniomba kitu kingine tangu nizaliwe.

Nilianza kutafuta, na katika kutafuta nilisoma. Jina la mti huu limesafiri kama mti wenyewe. Kwa Kisanskriti huitwa chandana, Waarabu wakasema sandal, na sisi tukapata sandali na msandali. Wanawake wa mwambao wameijua tangu zamani pamoja na liwa, wakiisaga juu ya jiwe na kuichanganya na marashi ya waridi kwa ajili ya ngozi ya bibi harusi. Msandali wa Kihindi ni mti wa tabia ya ajabu: mizizi yake hushika mizizi ya miti jirani na kunyonya sehemu ya chakula chake huko, na hukaa miaka mingi kabla moyo wa shina lake haujapata mafuta ya kutosha. Ubora wa mafuta hayo hupimwa kwa kitu kiitwacho santaloli. Kipimo cha kimataifa hutaka santaloli ya namna ya kwanza iwe kati ya asilimia 41 na 55, na ya namna ya pili iwe kati ya 16 na 24.

Nilikuta pia jambo lililonigusa kama mtu wa Nyasa. Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliivamia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa pale pale Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya umbo la jiwe kubwa la Pomonda. Vita iliyotuletea mzinga ule ndiyo iliyozuia magogo ya sandali ya Mysore yasipelekwe Ulaya. Magogo yakalundikana, na kuanzia mwaka 1916 serikali ya Mysore ikajitengenezea viwanda vya kukamua mafuta na kupika sabuni kwao wenyewe. Vita moja ilitikisa mwamba wetu na kuitia sandali katika sabuni ya Wahindi. Katika dunia hii mambo yaliyo mbali hufungana kwa kamba tusizoziona.

Baada ya miezi minne nilikuwa na vitu vinne. Mwanafunzi wangu wa zamani akaaye London aliniletea viwili: kopo la sabuni laini ya sandali ya Taylor of Old Bond Street, duka lililoanza mwaka 1854, na mrija mwekundu wa Proraso ya Kiitaliani, yenye sandali na siagi ya shea. Cha tatu nilikinunua Songea kwa bei nafuu. Ni kopo dogo ambalo jina lake silitaji, lenye picha ya gogo na neno sandali kwa herufi za dhahabu. Cha nne kilikuwa mafuta matupu ya sandali ya Kihindi, katika chupa isiyozidi kidole gumba, niliyoinunua Unguja nilipokwenda harusini. Bei yake ilinifanya niihesabu kwa magunia ya kahawa.

Kabla ya kushuka ziwani nilivijaribu vyote kwa uso wangu, siku moja kimoja, kwa maji ya namna moja na brashi moja, ili hukumu iwe ya haki. Sabuni ya kunyolea ni ndugu wa sabuni ya mche. Tofauti yao kubwa ni kwamba ya mche hupikwa kwa soda ikawa ngumu, na ya kunyolea hupikwa zaidi kwa potasi ikawa laini na yenye povu lisilokauka upesi. Harufu iliyomo ni kidogo sana, lakini maji ya moto huiamsha. Kopo la London lilianza kwa maua, likafuata na kitu kama podari, na mti ukaja mwisho, kama mzee anayeingia barazani baada ya vijana kunyamaza. Mrija wa Kiitaliani ulikuwa mtamu na wenye joto, na sandali yake ilijificha nyuma ya utamu huo. Kopo la Songea lilikuwa kali na safi, likavuma chumba kizima, kisha halikubadilika tangu mwanzo hata mwisho. Tone la mafuta katika povu la sabuni isiyo na harufu halikuvuma hata kidogo. Lilikaa karibu na ngozi, kama maziwa yaliyochemshwa katika chungu cha mti, na jioni nilipojishika kidevu lilikuwa bado lipo.

Siku ya Jumamosi nilifika kwa Mjomba. “Shikamoo, Mjomba.” “Marahaba. Umekuja na maduka mangapi?” Maana alikwisha kusikia harufu ya mfuko wangu nikiwa mlangoni. Tulikaa chini ya mwembe, maji yakachemshwa, na nikampaka povu la London katika shavu la kulia. Alinyamaza, akavuta pumzi, akasema, “Hii ni ya mtu aendaye kuonana na mkubwa.” Nilifuta, nikapaka ya Kiitaliani. Alitabasamu, “Hii ni ya bwana harusi, na bibi harusi ndiye atakayeilipia.” Nilicheka, nikapaka ya Songea, ile iliyojaza chumba changu, nikangoja maneno yake.

Hakusema. Aliinua kichwa, akageuza uso upande wa upepo, akarudi. “Umepaka nini?”

“Sandali, Mjomba.”

“Nasikia sabuni tu.”

Nilipaka tena, nene zaidi. Akavuta pumzi mara tatu. “Kopo limeandikwa nini?”

“Limeandikwa sandali.”

“Basi kopo linajua kusoma kuliko pua yangu,” alisema, lakini mzaha ule haukufika machoni. Aliweka mikono juu ya magoti akanyamaza, na mimi nikahisi ubaridi tumboni. Niliona kuwa nimemletea mzee zawadi iliyomwonyesha kuwa na dirisha lake la mwisho linafungwa. Nilimpa konzi ya kahawa niliyokuja nayo; akasema ni kahawa, na imekaangwa zaidi upande mmoja. Nilimpa jani la ndimu; akalitaja kabla sijalivunja. Nilimpelekea kitambaa cha mjukuu wake, akataja jina. Pua ilikuwa nzima, ila kwa kopo lile ilikuwa kiziwi.

Baadaye nilijifunza kuwa jambo hili lina maelezo. Mti wa sandali umekuwa haba na wa thamani, kwa hiyo wenye viwanda hutengeneza katika maabara vitu vinavyofanana nao kwa harufu, kama vile Sandalore na Javanol. Wako watu wenye pua njema kabisa ambao hawawezi kukisikia kimoja au kingine katika vitu vya jamii hiyo, kama vile wako wenye macho mazuri wasioweza kutenga wekundu na ukijani. Tena nilisoma kuwa mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, katika Ujerumani, walieleza kwamba seli za ngozi ya binadamu zina kipokezi cha harufu cha namna ya vile vya puani, nacho huitika kwa Sandalore, na seli zikachangamka kuponya jeraha. Nilipomsomea Mjomba habari hiyo alishika shavu lake akasema, “Basi huenda shavu lilisikia likaninyima habari.”

Wala sitavidharau vitu vya maabara kwa sababu mjomba wangu hakuvisikia. Harufu ya kweli ina deni. Katika nchi za juu za Afrika Mashariki tunao msandali wetu, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata. Mafuta yake yamo katika moyo wa shina na mizizi, kwa hiyo mwizi wa msandali haukati mti, bali huung'oa wote, na mahali pale hapachipuki tena. Kenya iliukataza uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huu wa nchi zetu, pamoja na wa Tanzania, uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mmatengo aliyechimba mashimo ya ngolo ili udongo wa mlima usitoroke anajua maana ya mlima ulionyang'anywa mizizi. Ikiwa kopo la bei nafuu linampa kijana wa Songea furaha ya asubuhi, na mti mmoja ukabaki umesimama, kopo hilo si la kuchekwa. Lakini lingekuwa na adabu zaidi kama lingesema ni harufu ya namna ya sandali, wala lisingepoteza mteja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nayaandika haya ya uadilifu kwa woga, kwa sababu mara baada ya kopo lile mimi mwenyewe nilifanya kosa ninalolilaumu. Nilimwona Mjomba amesononeka, nikaogopa kuwa la mwisho nalo litamkosa. Nilipokuwa nikidondosha tone la mafuta katika povu, nilisema, “Hii, Mjomba, ndiyo yenyewe. Aliyeniuzia kule Unguja ameniambia kuwa vinyozi wa Tanga walikuwa wakitumia mafuta haya haya.” Hakuna aliyeniambia neno hilo. Nililitunga pale pale, kwa huruma, na uwongo wa huruma huteleza ulimini kuliko wowote.

Nilimpaka polepole. Mwera ulikuwa umetulia, na ziwa lilikuwa kimya. Alivuta pumzi moja ndefu, akaikalia. Nikaona koo lake linatikisika. Nilifikiri nimeshinda.

“Sandali ni hii,” alisema mwishowe. “Hii ni sandali kweli. Lakini Tanga siyo hii.” Kisha akageuza uso kwangu kana kwamba ananiona. “Na aliyekuambia maneno yale, ama alikuwa anauza, ama alikuwa ananipenda.”

Nilimwambia kuwa hakuwako mtu, ni mimi niliyetunga. Alinyosha mkono akanipapasa kichwa, kama alivyofanya nilipokuwa mtoto nikaivunja chombo chake cha maji, akasema, “Endelea kunyoa, povu linakauka.”

Nilipokwisha kumnyoa alinieleza alichokuwa akikitafuta. Alisema ya kuwa harufu ya duka lile haikuwa ya sabuni peke yake. Palikuwa na jiwe la shabu lililolowa, na taa ya mafuta, na nywele zilizonyeshewa, na nguo za wateja zilizofukizwa udi. Halafu palikuwa na vumbi la katani. “Vumbi hilo halikuwa la duka,” alisema. “Nilikuja nalo mimi kutoka shambani, katika nguo zangu, kwa sababu nilikuwa na suruali moja. Yule bwana alinigombeza kila siku kuwa naichafua sandali yake. Hata nilipopata suruali ya pili, na vumbi likaisha, nikaona sabuni imepungua kitu.”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeipima sandali kwa santaloli, kwa nchi, kwa bei na kwa saa ilizodumu kidevuni, na vipimo vyote vile ni vya kweli. Lakini kitu alichoniagiza mzee kilikuwa na sehemu ambayo yeye mwenyewe aliileta dukani, nayo ni ujana wake wenye suruali moja. Hakuna kopo litakaloandikwa hivyo. Kulinganisha harufu ni kazi nzuri, maana humfundisha mtu kutenga jina na kitu, na bandia na halisi. Lakini huwezi kuimaliza kazi hiyo kabla hujauliza ni nani anayenusa, na alitoka wapi siku aliponusa mara ya kwanza. Mimi niliianza kwa vikopo, na mahali pa kuanzia palikuwa kwa mzee.

Mjomba aligawa mali yangu kama hakimu. Kopo la London alimpa padri, kwa kuwa huonana na wakubwa. Mrija wa Kiitaliani alimpa mjukuu anayeposa. Kopo la Songea alimpelekea kijana anyoaye sasa sokoni, na ujumbe kuwa limfae kwa wateja wenye pua njema kuliko za wazee. Chupa ya mafuta aliniambia niiweke.

Sasa tumerudi kwenye sabuni ya mche. Kila mwezi nachemsha maji chini ya mwembe, naliamsha povu kwa brashi ile ile iliyotoka Tanga, yenye nywele chache, na kabla ya kupaka nadondosha tone moja la sandali. Hatusemi tena kuwa ni ya Tanga. Chupa ni ndogo, lakini kwa tone moja kwa mwezi itaishi kuliko mmoja wetu, wala hatujapata kutaja ni yupi.